Laita iliyofukuliwa Waithaka, na namba iliyoua stori mbili

Ploti za Dagoretti zinabadilika kila wiki. Nyumba ya mabati ya guka inabomolewa, migomba inang'olewa, na pale palipokuwa na zizi la ng'ombe panainuka fleti ya orofa sita, kila orofa bedsita nane. Lakini kabla fleti ipande juu lazima vijana wa mjengo washuke chini kwanza, na huko chini ndiko vitu vya kale hutokea: vifungo vya koti la jeshi, senti zenye tundu katikati, chupa nene za kijani, vijiko vilivyopinda. Vingi huishia kwa gunia la mtu wa vyuma kuukuu hata kabla ya chai ya saa nne.

Kuna kimoja kilichonusurika. Kilitoka kwa shimo la msingi huko Waithaka, kama mita moja hivi chini, na kijana aliyekigonga na jembe akaruka nyuma akidhani ni risasi. Hakuwa mbali na ukweli. Ni laita ya sigara iliyotengenezwa kwa ganda la risasi: shaba iliyoingia ukijani, ndefu kama kidole, ubavuni imechomelewa kijibomba chembamba, na juu ya hicho kijibomba kuna gurudumu dogo lenye meno lililoganda kabisa.

Ndani ya siku mbili laita hiyo ilikuwa na stori tatu na bei mbili. Mkubwa wa familia alisema ni ya babu yake guka, aliyebebeshwa mizigo kwenye Vita vya Kwanza. Mjomba akakataa: ni ya guka mwenyewe, aliitoa Abisinia walipowachapa Waitaliano. Msimamizi wa mjengo naye akasema hizo zote ni hekaya, hiyo iliangushwa na mzungu, kwani nani mwingine alikuwa na laita siku hizo? Kuhusu bei, mtu wa skrapu alitoa mia mbili, halafu mjukuu mmoja akaona kwa simu yake ati laita za vita zinaenda thao hamsini. Hapo ndipo nikaitwa, kwa sababu mtaani najulikana kama yule mse wa vitu vya zamani. Nilisoma historia semista tatu tu kabla karo inishinde, lakini kusoma kitako cha risasi hakuhitaji digrii.

Jambo la kwanza nililouliza ni kama kuna mtu ameisugua. Walikuwa karibu. Stili wulu ilikuwa tayari kwa beseni, na ndimu imekatwa. Tafadhali, ukipata kitu cha shaba ardhini, weka hiyo ndimu kwa chai yako. Ule ukijani na ule uchafu uliogandamana ndio ushahidi wenyewe. Brashi laini ya meno, maji kidogo, halafu iache ikauke kivulini, basi. Utaona mbele kwa nini nasisitiza.

La pili ni la usalama, na hapa sitanii. Ganda tupu la risasi ni shaba tu. Risasi nzima ni kitu kingine. Ukiona kichwa cha risasi bado kimeng'ang'ania, na kile kiduara kidogo katikati ya kitako hakina alama ya kugongwa, usiitikise, usiipige, usiitie kwa moto ukidhani ni kutu. Weka chini, itisha polisi. Hata kisheria, risasi bila leseni ni kesi. Hii ya Waithaka ilikuwa na alama ya kugongwa katikati, na ndani mlikuwa na pamba iliyooza, kwa hivyo tulipumua.

Sasa, je, ni kitu cha kale kisheria? Wengi hufikiri chochote chenye kutu ni mali ya makumbusho na serikali itakuja na lori. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inasema kifaa cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Sasa angalia lile gurudumu lenye meno. Laita ya aina hiyo hutoa cheche kwa kukwaruza kijiwe ambacho kwa kweli si jiwe, ni mchanganyiko wa madini uliobuniwa na mwanakemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, na kusajiliwa mwaka 1903. Kabla ya hapo hakukuwa na kijiwe hicho duniani. Kwa hivyo laita yoyote ya gurudumu na kijiwe, hata ikitoka chini kabisa ya ardhi, haiwezi kufika 1895. Hata kabla hujasoma herufi yoyote, tayari umeshajua mpaka wake wa nyuma.

Baada ya hapo ni kupanga. Chukua sumaku. Mimi hutumia ile ya spika iliyokufa. Sumaku haishiki shaba, inashika chuma. Zippo za wakati wa Vita vya Pili, kwa mfano, zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa rangi nyeusi kwa sababu shaba ilikuwa inaenda kwa risasi, na hizo sumaku inazishika. Kampuni hiyo ya Marekani ilianzishwa mwaka 1932 huko Bradford, Pennsylvania, na chini ya laita zake za zamani kuna namba ya hataza. Ukiona 2032695 ujue hataza hiyo ilitolewa mwaka 1936. Ukiona 2517191, ni ya 1950. Hapo watu wengi huteleza: tarehe ya hataza si tarehe ya laita. Laita inaweza kuwa ya miaka mingi baadaye, lakini kamwe haiwezi kuwa ya kabla.

Ikiwa na jina IMCO na neno Austria, na inafunguka kama kijimashine chenye bomba la petroli chini, hiyo ni laita ya Vienna iliyotengenezwa kwa miongo mingi na kuuzwa kila pembe ya dunia. Kiwanda kiliacha mwaka 2012. Ikiwa nzito, maridadi, na imeandikwa Ronson au Dunhill, huenda kweli iliangushwa na mzungu. Ikiwa ya plastiki, ya gesi, ni ya juzi: BIC ilitoa yake mwaka 1973. Na ikiwa na katochi kadogo mkiani, buda, hiyo ni ya mbao kwa kioski, aliiangusha fundi wako wa jana.

Yetu haikuwa na jina la kampuni yoyote, na hilo pekee lilinifurahisha. Laita isiyo na jina ni laita iliyotengenezwa na mikono. Askari wa majeshi mengi walikuwa wakifanya hivi kwenye vita vyote viwili vya dunia: unachukua ganda, unalijaza pamba, unapitisha utambi, unachomelea bomba la kijiwe ubavuni, unatafuta gurudumu, unadondosha petroli ya lori. Mara nyingi kichwa cha risasi hubaki kama kifuniko, kikizima utambi na kuzuia petroli isiruke. Fundi mzuri kwenye gereji ya jeshi angeweza kuimaliza kwa siku moja, na kuiuza kwa wenzake kwa sigara.

Kipimo kikaja. Ganda lilikuwa na urefu wa milimita 56 na ukingo wa kitako milimita 13 na kitu. Hiyo ni .303, risasi ya bunduki za Lee-Enfield, ambazo ndizo zilikuwa bunduki za jeshi la Uingereza na za King's African Rifles, yaani KAR, kwa miaka na mikaka. Lakini .303 peke yake haikuambii vita gani. Kitako ndicho husema.

Niliweka karatasi nyembamba juu ya kitako nikapitisha penseli taratibu, ile kitu tulifanya na shilingi tukiwa watoto. Tochi ya simu ikiwa ubavuni, si juu, ndiyo vivuli vitokee. Zikatoka herufi K na F na kijimshale katikati yake, halafu 43, halafu VII.

VII ni aina ya saba ya risasi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1910. Kijimshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. KF ni kiwanda cha risasi cha Kirkee, karibu na Pune, India, kilichoanzishwa mwaka 1869. Na 43 ni mwaka. Ganda lilitengenezwa India mwaka 1943.

Hapo stori mbili zikaanguka kwa pamoja, na hakuna aliyefurahi.

Ya kwanza ilikuwa na msingi wa kweli. Wanaume wa pande hizi walipelekwa kweli kwenye Vita vya Kwanza. Kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichotupa jina la Kariokor, na mwaka 1917 daktari wa misheni ya Thogoto, John Arthur, aliwaongoza wapagazi Wakikuyu waliotoka misheni hadi Tanganyika. Thogoto ni hapo tu, unaweza kwenda na boda. Lakini mpagazi wa 1917 hawezi kurudi nyumbani na ganda la 1943. Nilimweleza mkubwa wa familia, akanyamaza muda mrefu. Kumbuka wapagazi hawa wengi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo mzee akishika laita na kusema hii ni ya babu, anajaza shimo ambalo serikali ya mkoloni iliacha wazi. Namcheka kidogo tu, namwelewa sana.

Ya pili, ya Abisinia, ilikufa kwa miaka miwili. Waitaliano walisalimu amri Gondar Novemba 1941. Hata vita vya Madagascar, ambako KAR walipelekwa pia, vilikwisha Novemba 1942. Ganda la 43 limechelewa kotekote.

Baada ya 1943, askari wa Kenya walikuwa wanaelekea wapi? Burma. Si ile ya nyama, kule Shauri Moyo. Burma yenyewe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, na mwaka 1944 ikaingia Burma kupitia bonde la Kabaw, ikiwasukuma Wajapani kwenye mvua na matope hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, Desemba mwaka huo. Si wote waliofika. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Japani, na karibu watu 1,300 wakazama, wengi wao wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Fikiria uko kwenye bonde hilo. Malaria, ruba, mvua ya miezi. Una sigara za posho lakini kiberiti cha njiti kimelowa tangu juzi. Hapo laita ya petroli si urembo. Na risasi unazopewa, kwa kuwa unapigana mlangoni pa India, kuna uwezekano mkubwa zimetoka viwanda vya India. Siwezi kuapa kwamba ganda hili lilifyatuliwa Kabaw. Risasi husafiri, na .303 zilibaki ghalani Kenya hadi miaka ya hamsini. Lakini ukiniuliza niweke pesa, naweka kwa Burma.

Msimamizi wa mjengo bado alikuwa na stori yake ya mzungu, na kwa haki yake, namba haikuiua. Askari mzungu angeweza kuwa na laita hiyohiyo. Kilichomnyamazisha ni kitu kidogo sana, na ndiyo maana nilipigania ile ndimu. Upande mmoja wa laita ulikuwa na magamba ya kahawia yaliyogandamana na shaba. Nikaleta sumaku. Shaba haikujali, lakini magamba yakaruka yakashika. Kwa hivyo yalikuwa mabaki ya bati la chuma. Vijana wakarudi shimoni, na kweli, udongo wa hapo ulikuwa na vipande vyembamba vya kutu, vingine bado vimepinda kama ukingo wa mkebe. Kitu kilichoanguka mfukoni hakiangukii ndani ya mkebe. Hii ilifichwa.

Swali likageuka. Si tena ni laita gani, bali nani alizika laita nzima, nzuri, kwenye mkebe, chini ya migomba yake mwenyewe?

Kumbe aliyekuwa na jibu alikuwa ameketi jikoni siku hizo zote na hakuna aliyemuuliza. Shosho amepita miaka tisini. Wanaume walikuwa wamebishana juu ya mali ya mume wake mlangoni pake, kwa sauti, bila kuingia. Mjukuu alipomwekea laita kiganjani akaigeuza, akatafuta gurudumu kwa kidole gumba kama mtu anayejua lilipo, akasema kwa Kikuyu, mjukuu akatafsiri: "Hako ni kamwaki kake. Alikaleta na koti."

Kamwaki, kamoto kadogo. Kisha akaeleza, kwa vipande, akipumzika katikati. Walipoambiwa wahamie kijijini, kile cha handaki na miti iliyochongwa ncha, homugadi walikuwa wanapekua kila nyumba. Mume wake alikuwa na vitu viwili vya jeshi. Koti lilichomwa. Kamoto hakakuwa ka kuchomeka, kwa hivyo akakazika usiku, akisema atakachimbua mambo yakitulia. Mambo yalipotulia, migomba ilikuwa imeongezeka, na yeye akafa bila kukaona tena.

Kwa wale wa rika langu ambao hali ya hatari tuliisoma kurasa mbili kabla ya mtihani: Oktoba 1952 ilitangazwa. Wakati huo Dagoretti ilikuwa upande wa Kiambu, si Nairobi. Kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya Wakikuyu milioni moja waling'olewa makwao na kuwekwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye ulinzi. Na chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana na bunduki au risasi ilikuwa kesi ya kunyongwa. Kesi yenyewe ya Dedan Kimathi, mwaka 1956, ilikuwa ya bastola na risasi sita; akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa miaka hiyo.

Ndiyo, ganda tupu lenye pamba ndani si risasi. Wewe unajua, mimi najua. Lakini ungejaribu kumweleza hayo homugadi usiku wa manane, ukiwa umesimama nje na watoto, na kitu kinachong'aa kama risasi kimetoka chini ya godoro lako? Tena kwa mtu aliyerudi kutoka Burma ilikuwa mbaya zaidi. Waruhiu Itote, yule Jenerali China, alijifunza vita akiwa KAR huko huko Burma kabla ya kuingia msituni, na alishikwa Januari 1954. Serikali ilijua vizuri kwamba wanaume iliowafundisha kulenga shabaha walikuwa wamerudi nyumbani bila ardhi.

Hata hivyo kuna mpaka wa kile laita inaweza kusema. Namba inathibitisha mwaka wa ganda. Magamba ya kutu yanathibitisha mkebe. Burma na mwaka wa kuzikwa, hayo ni maneno ya shosho na hesabu yangu, na mtu yeyote akija na ushahidi bora nitamsikiliza. Jina la mwenyewe halikuchongwa popote. Nilitafuta kwa tochi mara tatu, kwa sababu askari wengine walichonga majina au namba zao za jeshi. Kama yako ina mikwaruzo ubavuni, usidhani ni uchakavu tu, ipitishie penseli pia.

Kuhusu thao hamsini, niliwaambia ukweli. Laita za maganda zilitengenezwa kwa maelfu duniani na si adimu. Bei yake ya kweli ni ya viatu vizuri, si ya ploti. Bei za ajabu unazoona mtandaoni ni za muuzaji anayeota. Watu walishawahi kuamini hata kwamba cherehani za Singer zina zebaki nyekundu ndani; hiyo ilikuwa Saudi Arabia, mwaka 2009, na bei zikapaa hadi watu wakawa wanavunja maduka ya mafundi nguo. Mjukuu alinuna siku nzima. Sasa amekuwa mkali kuliko wote kuhusu nani anaishika.

Kama una kitu cha aina hii, piga picha kabla hujakigusa, kikiwa bado kwa udongo, na uandike kilikuwa chini kiasi gani na karibu na nini. Picha ya kitako ichukue na mwanga wa ubavuni. Ukitaka macho ya wataalamu, Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill wanapokea maswali ya watu wa kawaida. Ukitafuta karatasi, nenda Kenya National Archives, lile jengo la Moi Avenue ambalo sisi hutumia tu kama mahali pa kukutania. Ukiwa na jina kamili na kikosi, una pa kuanzia. Na ulize akina shosho kwanza, wakiwa peke yao, bila wajomba.

Familia ya Waithaka sasa inatafuta cheti cha guka cha kuachishwa jeshi, ambacho binti mmoja anakumbuka kilikuwa ndani ya Biblia iliyokwenda na shangazi Ngong. Kikipatikana kitakuwa na namba ya jeshi, na namba itasema kikosi, na kikosi kitasema kama alifika Kabaw au la. Mjengo nao umeendelea, nguzo ya kona imesimama pale pale. Laita iko kwa shosho, ndani ya mkebe wa majani chai. Aliuliza kama inaweza kuwashwa. Nilimwambia gurudumu limeganda, tukililazimisha litavunjika. Akasema basi iachwe hivyo hivyo, ila mkebe usifungwe sana.